Kesho ya Kweli

Mjomba alikuwa na kazi isiyo na jina kwenye makaratasi, lakini kiwandani kila mtu aliijua: alikuwa anafuatilia. Anafuatilia nini? Kila kitu. Leseni, vibali, mihuri, saini, bomba la maji lililoahidiwa, nguzo ya umeme iliyolala barabarani tangu mvua za mwanzo. Mwenye kiwanda alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake. Binti anatengeneza majokofu, Mjomba anakwenda kukaa kwenye mabenchi ya ofisi za watu mpaka majokofu hayo yaruhusiwe kutoka getini. Kwa shughuli hiyo alikuwa na mto wake mdogo wa sponji, foronya ya kijani iliyopauka, anaubeba kwapani kila aendako. Makarani wote waliujua mto ule. Ukitokeza mlangoni, wanajua leo wamepata mtu wa kushinda naye.

Na usimcheke, kazi ile ina ufundi wake. Mjomba alijua ni ofisa gani wa kumsalimia kwa kirefu na ni yupi wa kumsalimia na kunyamaza. Alijua lugha ya madirishani vizuri kuliko waliopo madirishani. Ukiambiwa bosi yuko kikaoni, maana yake bosi yupo na anakunywa chai. Ukiambiwa faili liko njiani, maana yake halijulikani liliko. Na ukiambiwa njoo kesho, basi hapo ndipo penyewe: njoo kesho maana yake ni siku yoyote ile isipokuwa kesho. Maana yake tumekusikia, nenda ukapumzike, usitusukume. Mtu mwenye adabu akiambiwa njoo kesho anakuja wiki inayofuata, na anakuja na sura ya mtu aliyekuwa anapita tu. Anayekuja kesho kweli ni mgeni wa mambo, au anatafuta ugomvi.

Kwa kufuatilia hivyo, Mjomba hakuwa na siku ya kushinda kiwandani. Kibali cha mzigo huu kikitoka, anakikabidhi getini, anageuka kwenda kukaa kwa ajili ya mzigo unaofuata.

Jokofu lenyewe lilizaliwa na shida. Umeme wa kwao ulikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga na kurudi ukipenda. Binti akakaa akakuna kichwa, akatengeneza jokofu lenye kuta nene, na ndani ya kuta matangi ya maji yanayoganda umeme ukiwepo na kushikilia baridi umeme ukiondoka. Unalichomoa leo, keshokutwa nyama bado ngumu. Mafundi wakalibatiza Mkaidi, kwa sababu linakataa kupata joto, na jina likabandikwa mlangoni kwa herufi za bati.

Hata kiwanda kilikuwa na ukaidi wake. Muuza skrubu analeta akijisikia, basi wakaanza kutengeneza skrubu wenyewe. Maboksi yanachelewa, wakatengeneza maboksi. Ukimpeleka mtu mahakamani kwa kuvunja mkataba, kesi inazeeka na watoto wako, kwa hiyo binti akaajiri damu yake: binamu stoo, shemeji getini, Mjomba kwenye mabenchi. Walichimba kisima, wakanunua jenereta, wakajenga ukuta. Majirani walimtania kwamba ana serikali yake mle ndani, amebakiza wimbo wa taifa tu.

Basi siku moja akapiga simu daktari wa mifugo kutoka nchi ya jirani. Alikuwa na magari yanayozunguka mashambani kuchanja ng'ombe, na dawa za chanjo zilikuwa zinamharibikia njiani kwa joto. Amesikia habari za Mkaidi. Anawataka wengi, wa kujaza magari yote, na wakimfaa atanunua kila mwaka. Ila sheria ya kwao ni moja: jokofu la dawa lazima lipite ofisi ya viwango na kugongwa muhuri. Muhuri ukipatikana kabla ya msimu wa chanjo, mzigo ni wake. Usipopatikana, atanunua kwa watu wengine, na yaishe.

Binti hakulala kwa furaha. Akafungua shifti ya pili, akaajiri vijana wa mitaa ya jirani, wengi wao wana watoto wadogo na hawajawahi kuwa na kazi ya kudumu. Aliwaambia ukweli wote: oda hii ikikamilika mnabaki, ikianguka sina pa kuwaweka. Halafu akamwambia Mjomba afunge nguo zake, wanakwenda wote kufungua tawi.

Binamu wa stoo, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alinong'ona kwamba nchi ile mambo yote yanakwenda kwa simu, sasa mzee na mto wake anakwenda kumkalia nani? Maneno yakamfikia Mjomba. Yalimchoma, kwa kuwa hata yeye alikuwa amejiuliza hivyo hivyo. Akapakia mto kwanza, nguo baadaye.

Walikofika walisema lugha ile ile ya kwao, na mwanzoni walidhani hiyo ni nafuu. Wakakodi ghala mtaa wenye karakana nyingi, lenye sakafu safi na madirisha yanayofunguka yote. Binti akamwita fundi umeme, akaanza kwa kumuuliza jenereta likae wapi. Fundi akauliza jenereta la nini. Binti akamwambia la kutumia umeme ukikatika. Fundi akaweka koleo chini.

"Ukikatwa na nani?" aliuliza.

Alikuwa anauliza kwa nia njema kabisa. Walipoendelea na habari za kisima na ukuta, yule fundi aliwatazama kwa huruma, akidhani wametoka kwenye vita. Binti alicheka njia nzima ya kurudi walikofikia. Mjomba alicheka kidogo tu, kwani kesho yake alikuwa na kazi ya kusajili kampuni.

Asubuhi alikwenda na mto kwapani. Msichana wa dirishani akachukua karatasi zake, akabonyeza bonyeza, mashine ikatema cheti, akampa. Mjomba hakuwa amekaa hata kidogo. Alitoka nje, akakiinua cheti juani, akakigeuza, akarudi ndani kuuliza kile halisi atakipata lini. Jioni alimwambia mpwa wake kwa sauti ya chini kwamba wametapeliwa. Binti akapiga simu kuhakikisha, ikaonekana cheti ni halali, na kampuni imeshazaliwa. Ungetegemea mzee afurahi. Wapi. Alikaa kitandani na mto wake magotini, akijisikia mtu wa kubebwa tu, na maneno ya binamu yakamrudia moja baada ya jingine.

Kwa hiyo siku ya ofisi ya viwango aliamka na nguvu mpya. Huko lazima pawe na kazi, alijisemea, vipimo si mchezo. Akaenda na Mkaidi mmoja wa mfano juu ya kitoroli. Aliyempokea alikuwa mpima wa ofisi ile, mwanamke kijana, mpole, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Mjomba akamsalimia salamu ndefu ya kuanzia afya ya wazee mpaka hali ya hewa. Mpima akaisikiliza yote kwa heshima huku jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani. Kisha akaandika kitu, akasema:

"Sawa, mzee. Njoo kesho saa tatu asubuhi, chumba cha vipimo."

Moyo wa Mjomba ukatulia tuli. Hatimaye, mtu anayezungumza kiofisi! Alitabasamu, akashukuru, akaondoka na kitoroli chake bila kuuliza la zaidi. Ghalani alimkuta binti anapanga rafu.

"Tumeingia kwenye mstari," alimwambia. "Wamenipa njoo kesho."

Na binti, msomi mwenye shahada yake ya uhandisi, lakini aliyekulia kwenye mabenchi yale yale akiwa ameshikwa mkono na Mjomba huyo huyo, aliitikia kwa kichwa akasema vizuri sana, tusiwasumbue. Mnaona? Si mzee peke yake. Wote wawili walilala usingizi mzito, na saa tatu ya kesho yake walikuwa sokoni wanachagua mapazia.

Siku zile zilikuwa nzuri, lazima niseme. Walitembea mjini kwa raha zao. Mjomba alinunua soksi, akapata kinyozi wa kupiga naye soga, akajifunza njia za mkato. Wiki ilipogeuka, akaona sasa ni muda wa heshima. Akavaa shati la mikono mirefu, akachukua mto, akasukuma kitoroli, akaingia ofisi ya viwango na ile sura yake ya mtu aliyekuwa anapita tu.

Mpima alivua miwani.

"Mzee, ulikuwa wapi? Tulikungoja."

Tulikungoja! Maisha yake yote Mjomba alikuwa amengoja ofisi, hakuna ofisi iliyowahi kumngoja yeye.  Akaelezwa taratibu: chumba kiliwashwa, joto likapandishwa, mafundi wakasimama tayari, saa tatu ikapita na yeye hakutokea. Nafasi yake imefutwa. Nafasi nyingine ya wazi iko baada ya msimu wa chanjo.

 Alijaribu silaha zake zote. Aliomba radhi, akasalimia upya, akaeleza habari za vijana wa shifti ya pili na watoto wao. Mpima alisikitika kikweli, lakini alisema ratiba haiko mikononi mwake, na hata ingekuwa mikononi mwake asingemtoa mtu mwingine aliyejipanga. Mjomba alimwelewa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kwao angeweza angalau kumkasirikia mtu.

Njia ya kurudi ilikuwa fupi kuliko alivyotaka. Uongo ulikuwepo, tena mzuri: angesema tu ofisi imesogeza tarehe. Nani angebisha? Ofisi za kwao zilisogeza tarehe kila siku. Alisimama nje ya ghala na uongo wake mdomoni, akamwona binti kupitia dirishani amesimama juu ya boksi anapima ukuta, mahali pa kutundika bango la Mkaidi. Akaingia, akasema ukweli wote tangu mwanzo.

Binti alishuka kwenye boksi, akalikalia.  Mjomba alisimama akiangalia soksi zake mpya.

"Hata mimi nilielewa hivyo hivyo," binti alisema mwishowe. Akaanza kucheka, na kicheko kikamletea machozi, akayafuta kwa kiganja. "Kesho, Mjomba. Mtu katuambia kesho, sisi tukaenda kununua mapazia."

Akachukua simu ili awaambie wa nyumbani wasimamishe shifti ya pili. Mjomba akamshika mkono, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu binti awe mkubwa.

"Usipige bado, mama. Nipe kesho."

"Kesho ipi?"

"Hii ya huku."

Asubuhi mlinzi wa ofisi ya viwango alimkuta mzee na jokofu lake mlangoni hata taa hazijazimwa. Mpima alipofika, Mjomba hakumsalimia kwa kirefu. Alimuuliza swali moja tu, swali la mtu aliyetoka kwao: je, mwenye nafasi asipotokea, chumba kinafanyiwa nini? Mpima alifikiri. Akasema ni nadra. Lakini kwa mujibu wa kanuni, mtu akichelewa mpaka wakafuta jina lake, chumba ni cha yeyote aliyepo na chombo chake tayari. Ila hakuna anayekaa kungoja hivyo, aliongeza haraka, maana unaweza kukaa siku na siku bila kupata kitu, na watu wana kazi.

"Mimi kazi yangu ndiyo hiyo," Mjomba alisema. "Benchi liko wapi?"

Benchi halikuwepo! Ofisi nzima ilikuwa na viti viwili vya chuma vya kupumzishia mkoba. Mjomba akachagua kimoja, akauweka mto, akakaa, Mkaidi pembeni yake. Na kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka, alijisikia yuko nyumbani.

Wenye nafasi zao walifika. Wote, tena mapema. Mashine za kufulia, pasi, majiko, feni, kila kimoja na mtu wake, wanaingia saa yao na kutoka. Mjomba aliwaitikia salamu na kubaki. Siku ya kwanza wafanyakazi walimpita wakijifanya hawamwoni. Siku zilizofuata mlinzi alileta kiti chake karibu. Kabla wiki haijaisha, Mjomba alikuwa anajua mtoto wa nani ana homa, nani anataka kuoa na nani amemkataa, na mfagizi alikuwa akifika pale anafagia kwa kuzunguka, asimbughudhi mzee. Binti alimletea chai na mkate mchana, wakala wote kwa utulivu. Nyumbani wanauliza shifti iendelee au isimame, alimwambia siku moja. Mjomba akauliza umewajibu nini. Binti akasema amewajibu iendelee. Mzee akashushia mkate na chai.

Sitadanganya, kuna siku alikata tamaa. Alijiona amekaa pale kwa ujeuri tu, ili asirudi kukutana na binamu. Lakini makalio yake yalikuwa yamezoea kungoja bila ruhusa ya moyo, na alibaki.

Ndipo ikafika asubuhi ambayo mtu wa jiko la umeme hakutokea. Gari limemharibikia njiani, akapiga simu kuomba radhi. Korido yote ikajua, maana korido yote sasa ilikuwa upande wa mzee. Mlinzi alisimama. Mfagizi aliegemea ufagio. Mpima akatoka chumba cha vipimo, miwani imekaa machoni.

"Mzee, chombo chako kiko tayari?"

"Tangu wiki iliyopita," alijibu Mjomba, akiinuka na mto wake.

Wakamwingiza Mkaidi kwenye chumba cha joto, wakampa umeme mpaka akaganda vizuri, wakamtumbukiza vipima joto tumboni, kisha wakamchomoa. Hapo hapana la kufanya ila kungoja. Mpima akafunga mlango, akamgeukia Mjomba.

"Haya. Njoo kesho." Akasita, akainua kidole. "Namaanisha kesho."

Watu walicheka mpaka mlinzi akashika ukuta. Na Mjomba alikuja kesho, alikuja mpaka na binti, na wakakuta mshale wa kipima joto haujasogea ila kidogo. Chumba kinachemka, Mkaidi hana habari. Mpima alisoma mara mbili, akaita wenzake waje waone. Akagonga muhuri. Alipokuwa anamkabidhi Mjomba karatasi, alimuuliza alijifunzia wapi kungoja namna ile.

"Kwetu kila ofisi ni chuo," Mjomba alisema.

Mzigo ulifika kabla ya msimu. Daktari wa mifugo akajaza magari yake, akaagiza mwingine. Shifti ya pili ikabaki, na vijana wale wakaacha kuuliza kila Ijumaa kama Jumatatu waje. Waliporudi nyumbani, binamu wa stoo alimpokea Mjomba kwa shikamoo ya kuinama, akambebea begi, akataka na mto. Mto hakupewa.

Kwa mzigo wa pili kulihitajika kibali cha kusafirisha, na kibali kilikuwa kwa karani mmoja ambaye yeye na Mjomba walifahamiana tangu wote wana nywele nyeusi. Mjomba akaweka maombi dirishani. Karani, bila kuinua kichwa, akasema kama alivyosema maisha yake yote:

"Njoo kesho."

Mjomba akaondoka. Lakini sijui ni mazoea mapya au ni ubishi, asubuhi iliyofuata miguu ilimpeleka pale pale. Karani aliinua macho. Akatazama kalenda, akamtazama Mjomba, akavuta karatasi iliyokuwa juu kabisa ya lundo. Ilikuwa imeshagongwa muhuri.

"Leo umekuja," alisema.

"Uliniambia kesho."

"Nakwambia kesho miaka yote hii. Naiweka hapa juu, nakungoja, huji. Zinakuja za wengine, yako inazama chini. Wiki inayofuata ndiyo unatokea na mto wako, naanza kuitafuta upya. Mimi nikasema basi, huyu mwenzangu anapenda benchi."

Mjomba alishika ukingo wa dirisha.

"Kila mara?"

Karani alifikiri kwa haki. "Si kila mara," alisema. "Mara nyingine hata mimi nilikuwa nakuzungusha. Lakini mara nyingi."

Mjomba hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili kidogo kidogo, na karani akamsaidia kucheka. Kisha akatoka na kibali mkononi, asubuhi bado mbichi, siku nzima iko mbele yake na hana pa kwenda kukaa.

Akaenda kiwandani. Binti alipomwona anaingia saa ile, akaacha alichokuwa anafanya akamkimbilia, akidhani wamenyimwa. Mjomba akampa kibali. Binti akakisoma, akamtazama mjomba wake, akakisoma tena.

"Sasa mchana kutwa utafanya nini, Mjomba?"

Mzee aliangaza macho. Uani lori lilikuwa limerudi nyuma mpaka mlangoni mwa stoo, na vijana wa shifti ya pili walikuwa wanaanza kupakia, wawili wawili, wakihesabiana hatua kwa sauti. Miaka yote ile alikuwa amelala na kuamka kwa ajili ya majokofu hayo kutoka, na hakuwahi kuyaona yakitoka hata mara moja. Akachagua boksi lililogeuzwa karibu na geti, akaweka mto wake, akakaa. Shemeji akafungua geti lote. Lori likapita taratibu, herufi za bati kwenye milango ya majokofu zikimeta juani, na Mjomba akalipungia mkono mpaka likakata kona.